Baiskeli Msituni: Njia Isiyo na Matatu

Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa vijiji vinavyopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, katika mkutano wa Siku ya Baiskeli Duniani.

Nimepewa dakika kumi, nami sitaki kuzipoteza.

Naomba mzazi ambaye mtoto wake huendesha baiskeli kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi ainue mkono. Asanteni. Sasa, yule ambaye moyo wake hutulia kabla mtoto huyo hajarudi nyumbani, aendelee kuinua. Naona mikono yote imeshuka. Barabara ile tunaijua. Matatu inakimbilia abiria, lori linapita lori, na mwenye baiskeli akipigiwa honi hana la kufanya ila kushuka kwenye mchanga na kumwomba Mungu.

Umoja wa Mataifa ulitenga 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani mwaka 2018. Tungeweza kuiadhimisha kwa kupiga picha tukaenda zetu. Mimi nimeona heri tuzungumze juu ya mahali ambapo kijana wetu anaweza kuendesha bila kutazama nyuma kila dakika. Mahali hapo pako hapa karibu. Kituo cha msitu cha Gede kiko kando ya barabara hiyo hiyo tunayoiogopa.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani ya Afrika Mashariki uliobaki kwa umoja wake. Ndani yake mna njia za udongo na mchanga zilizokatwa kwa ajili ya doria na wageni. Gari la askari wa msitu au la mtalii mwaweza kukutana nalo mara moja moja, likienda polepole. Matatu hakuna, wala lori la mchanga.

Siku hizi dunia ina mchezo wake wa kuendesha baiskeli kwenye njia za changarawe na udongo, mbali na magari. Hapa Kenya, mbio za namna hiyo zimefanyika Maasai Mara tangu 2021. Baiskeli zake huwa nyepesi, zenye tairi pana kiasi na usukani uliopinda. Lakini msikate tamaa. Ile Black Mamba ya babu, yenye keria na kengele, imepita kwenye njia za udongo miaka mingi kabla mchezo huu haujapewa jina.

Ukitoka Gede kuelekea magharibi, safari moja inakupitisha katika misitu mitatu. Kwanza kuna msitu mchanganyiko, wenye miti kama mbambakofi, na kivuli chake ni kizuri. Halafu unafika kwenye mirihi, ambako mwanga hupenya na mchanga ni mweupe. Hapo utasukuma, usione haya. Punguza upepo kidogo kwenye tairi ili likanyage pana. Mwisho kuna udongo mwekundu na vichaka vizito vya mfunda. Kiangazi udongo ule ni mgumu na baiskeli inateleza vizuri. Masika yakiingia unakuwa tope linaloganda kwenye magurudumu mpaka yanakataa kuzunguka, basi mvua ikinyesha usiende.

Sasa nije kwenye neno lililonileta. Katika kikao cha kutayarisha mkutano huu, mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, sisi tukiingia msituni na panga tunashikwa. Hawa wa baiskeli wanaingia kucheza na mnawapigia makofi. Msitu huu ni wa nani?"

Nilikuwa na jibu la ofisini, nikalimeza, kwa sababu swali lile ni la haki. Nimelifikiria tangu siku hiyo, na leo nitamjibu mbele yenu.

Mzee wangu, kwenye lango sheria haitazami umekuja na nini. Wa baiskeli hupita langoni, hulipa ada, na akitoka hatoki hata na kijiti. Akikata mti, yeye pia atashikwa. Wazee wa Mijikenda hawahitaji kufundishwa jambo hili na kijana kama mimi. Kaya zetu zimefika leo zikiwa na miti yake, na UNESCO ikaziorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 2008, kwa sababu kaya haiingiwi ovyo. Kuna njia ya kuingilia na kuna visivyoguswa.

Lakini hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba anayeishi na msitu, ambaye tembo huvizia mahindi yake, hawezi kuambiwa aulinde kwa sifa tu. Lazima aone kitu mezani. Tunao mfano hapa hapa. Tangu 1993, wakulima wanaopakana na msitu huu wamefuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo pale Gede, na vipepeo hao husafirishwa ng'ambo wakiwa bado mabuu ndani ya maganda yao. Watu wamelipa karo kwa mdudu, na mti haukuanguka.

Baiskeli haiwezi kufanya hayo yote. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwendesha baiskeli anahitaji mwongozaji, fundi wa kuziba pancha, maji, na chakula akirudi na njaa. Kijana wa hapa anayejua njia za msitu ana kazi mkononi ambayo mgeni hawezi kumnyang'anya.

Na niseme wazi serikali ya kaunti ina uwezo gani. Msitu huu uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, likishirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Makavazi ya Kitaifa na taasisi ya KEFRI. Hizo ni taasisi za serikali ya kitaifa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara za kaunti na utalii wa mashinani. Kwa hivyo sitasimama hapa niwaahidi njia mpya ndani ya msitu. Nyinyi mna mlango wenu: Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuunda chama cha msitu na kuingia makubaliano ya kushiriki katika usimamizi. Swali la mzee lipelekwe huko, kwa maandishi, na majina ya wanakijiji chini yake.

Kabla sijaketi, niwaambie vijana jambo moja la uhai. Msitu huu una tembo. Uzuri wa baiskeli ni ukimya wake, na hatari yake ni ukimya huo huo. Gari tembo hulisikia mapema. Wewe utakata kona na kumkuta amesimama njiani, nanyi wote wawili mmeshtuka. Kwa hivyo:

1. Jiandikishe na ulipe kituoni, na uwaambie unakwenda upande gani.
2. Usiingie peke yako. Nenda na mwongozaji anayeujua msitu.
3. Toa vipokea sauti masikioni. Masikio yako ndiyo kioo chako.
4. Ukiona kinyesi kibichi cha tembo au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, simama, geuza, rudi polepole. Usipige kengele wala picha.
5. Beba maji ya kutosha, pampu na viraka. Huko ndani hakuna kioski.
6. Ingia asubuhi, na uwe umetoka kabla giza halijaingia.
7. Endesha njiani tu. Vichakani anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na juu ya miti kuna mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya Kilifi.
8. Ukiona mtego wa waya au mti uliokatwa, usiuguse. Kariri mahali, uwaarifu askari.

Mzee aliyeuliza lile swali yuko hapa, ameketi chini ya mwembe. Baada ya mkutano nitakuja kwako, baba, na karatasi na kalamu, tuanze kuandika ile barua. Mwenye kutaka kuongeza jina lake anakaribishwa.