Kutafuta Habari za Wasia wa Marehemu



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu twaona haya kuliuliza: ndugu akifa, mtu atajuaje kwamba jina lake limo katika wasia? Nasema juu ya Kenya, ambako Sheria ya Urithi ilianza kutumika mwaka 1981.

Wengine hudhani wasia husomwa matangani, na asiyekuwapo amekosa. Sivyo. Msimamizi aliyetajwa katika wasia, akitaka kuigawa mali, hana budi kuupeleka mahakamani, ule wa asili, na kuomba idhini. Ombi hilo hutangazwa katika Gazeti la Serikali, litokalo kila Ijumaa, pamoja na jina la marehemu, siku na mahali alipofia, na jina la mwombaji. Tangu hapo watu hupewa siku 30 za kuweka pingamizi. Sisi makarani, ambao gazeti hilo hupita mikononi mwetu, twalitazama kwa habari za vyeo tu, kisha twalifungia faili!

Ukiliona jina la marehemu, nakili namba ya shauri, uende masjala ya mahakama iliyotajwa, ukaombe kuuona wasia. Usitosheke na maneno ya shangazi. Tazama sahihi ya marehemu na za mashahidi wawili. Ikiwa wewe mwenyewe ni mmoja wa mashahidi hao, kile ulichoachiwa chaweza kubatilika, isipokuwa wako mashahidi wengine wawili wasiopata kitu.

Na jina lako lisipokuwamo? Hapo ndipo penye uchungu. Tuseme kijana alilelewa na mjomba wake, akalipiwa karo hata siku ya msiba, kisha wasia ukampita kimya. Sheria haikumsahau. Mtoto ambaye marehemu alimtwaa kuwa wake, na aliyekuwa akimtunza hata alipofariki, aweza kuiomba mahakama impe fungu la kufaa. Lakini ombi hilo lazima lifike kabla idhini haijathibitishwa, na kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi 6 ikiisha tangu idhini kutolewa. Akingoja kuitwa na jamaa, huenda akaitwa shamba limekwisha kupimwa.

Kwa Waislamu sheria ni yao: shauri laweza kwenda kwa Kadhi, na wasia hauvuki theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni.

Apendaye kuonyeshwa tangazo lenyewe na abaki kidogo. Nimekuja na nakala mbili za Gazeti.