Somo la Afya: Magonjwa ya Ukoo na Dalili za Moyo

Sogeeni karibu na redio. Mwenye daftari aliweke tayari, maana leo tutaandika.

Ninyi mlioko Kalenga mnajua kuhesabu ukoo. Mkiulizwa habari za watawala wa Wahehe mtajibu upesi: Munyigumba alimzaa Mkwawa, Mkwawa akamzaa Sapi, Sapi akamzaa Adam Sapi, ambaye mwaka 1954 alilipokea fuvu la babu yake hapo hapo Kalenga. Hivyo ni vizazi vinne. Lakini nikikuuliza, "Bibi yako mzaa baba alikufa kwa ugonjwa gani, naye alikuwa na umri gani?" wengi mtanyamaza. Wengine watasema, "Tumbo," au, "Alirogwa." Basi somo letu ni hilo.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe mna maagizo tuliyopewa na wazazi, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Wataalamu huyaita jeni. Maagizo yakiharibika, chembe huweza kuzaana bila kikomo, na hiyo ndiyo kansa. Mara nyingi huharibika ukubwani, kwa tumbaku, kwa pombe, au kwa uzee tu. Katika wagonjwa 100 wa kansa, ni kama 5 hadi 10 waliozaliwa na agizo bovu.

Hapa wengi hukosea. Kansa ya matiti hairithiwi kwa mama peke yake. Baba naye huweza kuwa na agizo hilo, asiugue maisha yake yote, akampa binti yake. Kwa kila mtoto ni kama kurusha sarafu: huenda akalipata, huenda asilipate. Akilipata, si kwamba ameshaugua. Ana hatari kubwa kuliko wengine, kwa hiyo yampasa kuanza kupimwa mapema. Basi shangazi zako waulizwe sawasawa na mama zako wadogo.

Kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi katika Tanzania, ni jambo jingine. Hiyo huletwa na virusi, na tangu 2018 wasichana huchanjwa nchini kote.

Sasa moyo. Presha nayo hufuata koo, ingawa chumvi na unene huichochea. Haina sauti, mtu hulima mpaka jioni asijue kitu. Tuseme mama anapandisha ndoo ya maji kutoka Mto Ruaha Mdogo. Mwaka jana alifika nyumbani bila kupumzika. Mwaka huu anasimama mara tatu. Usiku hawezi kulala chali, ila ajiegemeze kwa mito. Miguu imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Nyumbani wanasema ni uzee. Huenda moyo umechoka kusukuma damu, nao una dawa.

Na kifua kikibana kama kilichofungwa kamba, maumivu yakaenda mkononi au tayani, jasho la baridi likatoka, msiseme ni kiungulia. Wanawake wengine hawasikii maumivu makali, bali kichefuchefu na uchovu wa ghafla. Msingoje kesho, wala msimngoje mzee wa ukoo arudi shambani. Hospitali ya Tosamaganga haiko mbali nanyi.

Haya, kalamu. Chora mistari ufanye safu tatu: Jina, Ugonjwa, Umri alipougua. Anza na wazazi wako, kisha ndugu zao, kisha babu na bibi wa pande zote mbili. Wazee wengine hawapendi kutaja ugonjwa wa marehemu. Usiwabane. Uliza kwa adabu, "Bibi, shangazi alipokuwa akiugua alilalamika wapi?" Akisema, "Titi lilikuwa na donda," umeshapata jibu. Liandike.

Ukiona wawili wa upande mmoja wenye kansa ya namna moja, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, au aliyeanguka ghafla akafa angali kijana, mpelekee daktari daftari hilo.

Wiki ijayo mwalimu wenu atayatazama. Asiyemaliza upande wa baba hajamaliza kazi. Kwaherini.