Mtoto wa Mkalama Mbele ya Hakimu

Msikilizaji, tuseme mtoto wa miaka 15 amekamatwa wilayani Mkalama kwa kuiba gunia la alizeti. Nini kinafuata?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi: mtoto hahukumiwi kifungo jela. Kesi yake husikilizwa faragha katika Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho. Na hapa ndipo penye shida. Shule hiyo, Irambo, iko Mbeya. Mama wa Iguguno, huku Mkalama, atapata wapi nauli ya kumtembelea mwanawe? Mtoto aliyetengwa na kwao, kwa maoni yangu, ni vigumu kurekebika.

Kwa upande wa pili, tusimsahau mkulima aliyeibiwa. Jasho la msimu mzima limepotea. Ana haki ya kufidiwa na kuombwa radhi.

Ndiyo maana mimi naunga mkono uangalizi wa kijijini. Lakini unahitaji maafisa ustawi wa kutosha, na usafiri wa kuwafikisha huko. Je, halmashauri zetu, Manyoni hadi Iramba, zitawatengea fungu katika bajeti ijayo?