Ramani ya Simu na Shule ya Mwisho wa Barabara

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa umma, Kigamboni, Dar es Salaam.)



Nilipoombwa nije kuzungumza nanyi juu ya matumizi ya ramani za mtandaoni katika kupanga safari yenye vituo vingi, nilisita kidogo. Mimi si mpima ardhi wala si fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni kalamu. Nilikubali kwa sababu ya safari moja ambayo nami nilikuwamo, na ambayo mpaka leo hainipi raha ninapoikumbuka.

Ofisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imepanga kutembelea shule sita za wilaya hii kwa siku moja. Nilipewa kiti katika gari lao ili niandike habari. Tulivuka kwa pantoni asubuhi, tukaanza na shule iliyo karibu kabisa, pale Tungi. Kutoka hapo tukaenda Vijibweni, kisha Kibada, kisha tukarudi upande wa pwani hadi Mjimwema, halafu Gezaulole. Kila mahali tulipokelewa kwa heshima, na kila mahali palikuwa na chai. Shule ya sita ilikuwa Pembamnazi. Saa kumi alasiri, tukiwa bado Gezaulole, dereva akatazama kipimo cha mafuta, kiongozi wa msafara akatazama saa yake, na ikakubaliwa kwamba Pembamnazi tutakwenda wiki ijayo. Mwalimu mkuu wa huko alipigiwa simu. Alijibu kwa adabu kwamba hana neno, ila aliomba ieleweke kuwa wiki ijayo hiyo ni ya pili kuahidiwa.

Sasa, Ndugu zangu, katika gari lile hapakuwa na mtu mvivu, wala hapakuwa na mtu mwenye kinyongo na watu wa Pembamnazi. Kilichoinyima shule ile haki yake ni karatasi. Orodha ya shule ilikuwa imeandikwa kwa kufuata ukaribu na ofisi, na sote tukaifuata kama tunavyofuata sala. Aliye karibu alipata asubuhi yetu, wakati tungali na nguvu na maswali. Aliye mbali aliwekewa masalio ya siku, na siku ile masalio hayakuwapo.

Hebu tuitazame hesabu yenyewe, kwa kuwa walimu wa hisabati wamo humu ndani. Msafara wenye shule sita unaweza kupangwa kwa taratibu 720 zilizo tofauti. Ukiwa na vituo tisa, taratibu zinafika 362,880. Ukiongeza kimoja tu vikawa kumi, zinakuwa 3,628,800. Hakuna mwanadamu anayeweza kuzipima zote kwa penseli. Wanahisabati wamelihangaikia swali hili kwa miaka mingi, wakaliita tatizo la mchuuzi msafiri: mchuuzi ana miji kadhaa ya kupita, apite vipi ili mwendo uwe mfupi kuliko wote na hatimaye arudi kwake? Mpaka leo haijapatikana njia ya haraka inayotoa jibu kamili kila mara, hata miji iwe mingi kiasi gani. Kwa hiyo karani aliyeandika orodha yetu asilaumiwe sana.

Swali la njia fupi baina ya sehemu mbili tu ni jepesi zaidi. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alibuni jibu lake mwaka 1956 na akalichapisha mwaka 1959. Mashine huichukulia kila njia panda kama fundo, na kila kipande cha barabara kama uzi wenye urefu wake au dakika zake. Huanzia ulipo, ikasonga kwa fundo lililo karibu, kisha linalofuata, ikikumbuka daima gharama ndogo kabisa ya kufikia kila fundo, hata ifike uendako. Ramani zilizomo katika simu zenu, ikiwamo Google Maps iliyoanza mwaka 2005, zimejengwa juu ya fikra za namna hiyo, zikaongezewa habari za foleni, ambazo hukusanywa kutokana na mwendo wa simu za watu wengine waliomo barabarani. Maana yake ni kwamba palipo na simu nyingi, kama Barabara ya Kilwa wakati wa jioni, ramani hukisia vizuri. Penye simu chache haina mashahidi wa kutosha.

Nije kwenye matumizi. Katika Google Maps mtumiaji huandika anapoanzia na anapokwenda, kisha huongeza vituo vya katikati. Mahali panapokubaliwa ni kumi, pamoja na pa kuanzia. Huweza kukishika kituo kwa kidole na kukipandisha au kukishusha katika orodha, na papo hapo huona kilometa na dakika zinavyobadilika. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalijui, nami sikulijua: chombo hiki hakikupangii utaratibu wa vituo. Kinafuata ule ulioandika wewe. Ukikipa orodha mbaya, kitakutafutia njia nzuri ya kuifuata orodha hiyo mbaya. Aidha, vituo vingi hukubaliwa kwa mwenye gari, au kwa mwenda kwa miguu; kwa anayepanda daladala hakikubali. Mwalimu anayetoka Kibada kwenda Mjimwema na kurudi mjini kwa magari matatu atalazimika kukitafuta kila kipande peke yake.

Baada ya aibu ile nilikaa na simu yangu nikaziandika shule zile sita upya. Wilaya hii ina umbo linalosaidia. Iko barabara ya upande wa pwani inayotoka Mjimwema kupitia Somangila hadi Kimbiji na kuendelea Pembamnazi, na iko ya ndani, kutoka Kibada kupitia Mwasonga, ambayo nayo inafika Kimbiji. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa mkono mmoja na kurudi kwa mwingine, akazunguka kama mvuvi anayezungusha wavu, badala ya kwenda na kurudi juu ya nyayo zake mwenyewe. Katika safari yetu tulikatiza kutoka Kibada kwenda Mjimwema na tungerudi kwa njia ile ile tuliyoendea.

Halafu nikaona jambo la pili, ambalo ndilo lililonileta hapa. Mzunguko ukishaupanga vizuri, ukaugeuza nyuma mbele, kilometa hazibadiliki, na mafuta yanakuwa karibu yale yale. Kwa macho ya mashine safari hizo mbili ni sawa. Kwa macho ya mwalimu wa Pembamnazi si sawa hata kidogo. Katika safari ya kwanza yeye ni wa mwisho, na lolote litakaloharibika njiani, liwe gurudumu au kikao kilichorefushwa, litalipwa na yeye. Ukianza na aliye mbali, ukafika kwake saa mbili asubuhi, basi hasara ya siku itamwangukia aliye karibu na ofisi, ambaye hata kesho anaweza kufikiwa kwa bajaji. Hakuna programu itakayokuambia hivyo. Huo ni uamuzi wa mtu, na ni uamuzi wa siasa, ingawa unafanyika katika karatasi ya safari.

Mtasema kuwa ninakuza jambo dogo. Lakini fikirini wenyewe ni mambo mangapi hufika shuleni na vijijini kwa gari lenye vituo vingi: chanjo, vitabu, mkaguzi wa shule, fundi wa pampu ya maji. Iwapo kila gari hupangwa kuanzia karibu, ni watu wale wale wanaokosa kila mara, na baada ya miaka kumi tutashangaa kwa nini shule ile iko nyuma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitutahadharisha tusidhani kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo. Naamini lingeandikwa leo lingeisema na simu.

Kwani simu ina ujinga wake. Chukueni kivuko cha Magogoni. Katika ramani ni mstari mfupi juu ya maji, na kwa hakika maji yale ni membamba. Mtu aliyesimama Feri huwaona waziwazi watu wa ng'ambo. Ramani niliyoitumia ilinihesabia dakika za kuvuka, isinihesabie magari yaliyokuwa yamejipanga mbele yangu. Njia ya pili ni daraja la kutoka Kurasini, lenye urefu wa meta 680, lililofunguliwa Aprili 2016 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Hilo halina kungojea pantoni, ila lilianza na tozo, na ijapokuwa tozo hizo zilipunguzwa mwaka 2022, mpanga safari wa umma hana budi kuziandika katika hesabu yake mapema. Njia ya tatu ni kuzunguka kwa Mbagala na Kongowe, ambako kilometa ni nyingi. Ipi bora? Inategemea saa, inategemea unatoka wapi, na inategemea kama umempigia simu mtu aliyeko Feri wakati huo huo. Mimi binafsi humwamini zaidi muuza samaki wa pale kuliko mstari ule wa buluu.

Mvua je? Wakati wa masika iko mitaa ambayo katika ramani ina barabara safi kabisa, na ukifika unakuta kijito kimeikata. Nimeona pia alama ya shule ikiwa imewekwa mahali ambapo hapana shule, bali kiwanja cha mpira. Makosa hayo hayajisahihishi. Mwalimu aliyepo ndiye anayeweza kuyaripoti, kwa kuwa ramani hizi zinapokea marekebisho ya watumiaji, naye anaijua njia kuliko mtu yeyote aliyeko ughaibuni.

Hapa ningependa kuwakumbusha kazi ambayo vijana wetu waliifanya katika jiji hili hili. Kata ya Tandale ilichorwa mwaka 2011 kwa msaada wa wanafunzi na wakazi wenyewe, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaleta pamoja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wananchi wa kata mbalimbali. Walipita uchochoro kwa uchochoro wakiandika nyumba, mifereji na vivuko vya miguu, hasa kwa sababu ya mafuriko. Walichokichora kiliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha za visiwa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walikuwamo katika kazi hiyo. Napenda kulisisitiza hili kwa kuwa ramani ya kampuni ya kigeni, hata ikiwa nzuri, ni mali ya kampuni hiyo, na itaichora Kimbiji siku itakapoona faida kuichora Kimbiji.

Serikali nayo ilianza kazi kubwa mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, ya kuyapa makazi anwani: jina la barabara au mtaa, namba ya nyumba, na postikodi yenye tarakimu tano. Vibao mnaviona. Mtumishi anayepanga safari kwa anwani hizo hataandika tena "kwa Mzee fulani, karibu na mwembe mkubwa", maelekezo ambayo ni mazuri mpaka siku mwembe unapokatwa. Ingawa nami, lazima nikiri, nilipopotea juzi huko Mwasonga nilikombolewa na mwembe.

Walimu wa jiografia wasidhani kwamba ramani ya karatasi imekufa. Ile ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimeta moja ni nusu kilometa ya ardhi, ndiyo inayomfundisha mtoto kuona umbo la nchi yote kwa mara moja. Simu humwonyesha kona inayofuata tu. Ningeshauri mwanafunzi wa kidato cha tatu apewe shule zote za kata yake, azipange kwanza kwa penseli, kisha aipime kazi yake kwa simu, na aeleze kwa maneno yake kwa nini ameanza na ile aliyoanza nayo. Na kwa gharama ya bando, ramani ya wilaya nzima inaweza kupakuliwa mara moja palipo na mtandao mzuri, ikatumika barabarani bila mtandao.

Ndugu Mwenyekiti, ofisi ile niliyoizungumzia ilirudi Pembamnazi. Haikuwa wiki ile iliyoahidiwa. Ilikuwa siku kumi na mbili baadaye. Gari liliondoka alfajiri, likapita daraja, likaenda moja kwa moja bila kusimama Tungi wala Kibada, na saa mbili na nusu lilikuwa katika uwanja wa shule. Nilikuwamo. Mwalimu mkuu hakutuuliza kwa nini tulichelewa. Alitupeleka kwanza katika darasa ambalo paa lake lilikuwa limeezuliwa na upepo, akasema kwamba barua ya kuomba mabati ilikuwa imekwisha andikwa, ila alikuwa akimngoja mtu wa kuliona paa kwa macho yake ili aitie sahihi. Ikatiwa sahihi pale pale, juu ya dawati.

Niko tayari kwa maswali, na kama yupo aliyekuja na orodha yake ya vituo, tuipange hapa hapa.