Maandalizi ya Daktari Huanzia Vidato vya Chini

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Kibiti, Mkoa wa Pwani.)



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kumwandaa kijana kwa mtihani wa kuingilia udaktari. Yafaa kwanza tukubaliane mtihani huo ni upi. Wazazi wengi hudhani kwamba upo mtihani maalumu unaofanywa mlangoni mwa chuo. Katika nchi kama India ndivyo ilivyo. Kwetu Tanzania, mtihani wa kuingilia udaktari ni ule ule wa kidato cha sita, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Taifa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na vyuo vingine hutazama ufaulu katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Anayechaguliwa husoma miaka 5, kisha hutumikia mwaka 1 wa mazoezi hospitalini.

Lakini ili mtu ayafanye masomo hayo kidato cha sita, sharti awe ameyafaulu kidato cha nne. Na kwa utaratibu tuliouzoea miaka mingi, mwanafunzi amalizapo kidato cha pili huweza kuiacha Fizikia na Kemia. Hapo ndipo udaktari wa vijana wengi unapokufa. Mtoto ana umri wa miaka 15 au 16, shule haina mwalimu wa Fizikia, maabara ni chumba chenye meza tupu, naye anaambiwa achague. Anachagua masomo yenye mwalimu. Hakuna aliyemkatalia udaktari, wala hakuna barua iliyoandikwa, lakini mlango umekwisha kufungwa.

Ndugu zangu, nchi hii inajua gharama ya kutokuwa na madaktari wake. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961 tulikuwa na madaktari 12 tu. Waliotaka kusomea kazi hiyo iliwabidi waende Makerere au ng'ambo. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili pale Muhimbili. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba alama za darasani pekee hazitoshi kumwingiza mtu Chuo Kikuu. Sharti kwanza alitumikie Taifa na afanye kazi. Utaratibu huo uliachwa baadaye, lakini swali lake lingali hai: daktari tunayemsomesha atamtumikia nani?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika delta ya Rufiji. Fikirieni Mbwera, Msala, Kiongoroni, Maparoni. Safari ya huko ni ya mashua au mtumbwi, na mwenye kuipanga ni maji kujaa na maji kupwa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku maji yakiwa yamekupwa hawezi kuyaamuru yarudi. Mganga aliyelelewa mjini anapopangiwa kituo cha namna hiyo, mara nyingi huanza kuandika barua ya uhamisho kabla hajafungua sanduku lake. Simlaumu, hakuzaliwa na mawimbi hayo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010, lilizishauri serikali ziwachukue vyuoni wanafunzi waliotoka vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi vijijini.

Wapo watakaosema, basi tuwashushie alama vijana wa delta. Mimi sikubaliani nao. Mgonjwa wa Mbwera anastahili daktari mwenye ujuzi ule ule anaostahili mgonjwa wa Upanga. Wajibu wetu ni kumfikisha kijana kwenye alama hiyo. Ada haipo tena: iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka 2022. Kilichobaki ni kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo i mikononi mwa watu walioketi katika ukumbi huu.

Kwanza, mafunzo kwa vitendo. Katika kila somo kati ya hayo matatu, mtahiniwa wa kidato cha sita hufanya karatasi ya vitendo. Aliyeishika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani amekwisha kushindwa. Vifaa vya Kemia ni lazima vinunuliwe, na halmashauri iviweke katika bajeti. Lakini kwa Biolojia, delta yenyewe ni maabara. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Jani la mchu hutoa chumvi ambayo mtoto yeyote wa huku amekwisha kuionja. Mwalimu anayefundisha osmosisi kwa mchoro wa ubaoni, ilhali mchu uko hatua chache nyuma ya shule, anaacha hazina mlangoni. Kaa, kamba na dagaa wa kuchunguzwa hawaagizwi kutoka ng'ambo.

Pili, lugha. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Fizikia kwa Kiingereza. Wengi hukariri wasichokielewa. Mwalimu ahakikishe kwanza kwamba jambo limeeleweka, kisha amzoeze mwanafunzi kulieleza kwa maandishi katika lugha ya mtihani, kila wiki, tangu kidato cha kwanza.

Tatu, tuutumie msaada uliopo. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ukionyesha swali lipi lilishindwa na kwa sababu gani. Taarifa hiyo haiuzwi. Isomwe na walimu pamoja, isibaki ofisini kwa mkuu wa shule.

Nanyi Ndugu Waganga na Wauguzi, mwende madarasani. Waelezeni vijana, hasa wasichana, kwamba ipo pia njia ya pili: aliyesomea stashahada ya utabibu akafaulu vizuri anaweza kuomba nafasi ya udaktari baadaye. Kijana wa kidato cha pili akiisikia habari hiyo kutoka kwa mtu anayemfahamu, hataharakisha kuiacha Kemia.

Tangu miaka ya 1990 watafiti wamezihesabu kaya za Rufiji, vizazi na vifo vyake, na takwimu hizo zimesomwa duniani kote. Zilisaidia kupanga fedha za afya kulingana na maradhi yanayoua, na vifo vya watoto vikapungua. Watu wa Rufiji wamekwisha kuifundisha dunia udaktari. Ni haki yao sasa watoto wao nao waufundishwe.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla mwaka huu haujaisha, kila shule ya sekondari ya wilaya hii iandike majina ya wanafunzi wake wa kidato cha pili wanaotaka kuacha Fizikia na Kemia, na kando ya kila jina iandikwe sababu. Ikiwa sababu ni kwamba mtoto hayapendi masomo hayo, aachwe afuate njia yake. Ikiwa ni kwamba hakuna mwalimu au hakuna vifaa, karatasi hiyo ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na sisi sote tudai jibu.