Silikanti: Samaki wa Fuvu Lenye Kiungo



Magazeti hupenda kumwita silikanti kisukuku hai. Mimi jina hilo silipendi. Wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, Afrika Kusini, alipomkuta kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. Tangu siku hiyo kila kiungo chake huelezwa kama masalia ya kale. Hebu tumpasue tuone.

Tuanze na kichwa. Fuvu lake ni vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vilivyounganishwa kwa kiungo kinachocheza, hata pua ikaweza kuinuka anapopanua kinywa. Hakuna mnyama mwingine wa kundi la wenye uti wa mgongo aliye hai leo mwenye kitu hicho. Ndani ya fuvu la samaki mzima, ubongo haujazi hata asilimia 2 ya nafasi. Kwingine kote ni mafuta. Na huo uti wa mgongo wenyewe? Hana pingili kamili. Ana mrija mnene uliojaa kimiminika chenye mafuta.

Mapezi yake yana shina la nyama na mifupa, kwa hiyo wengi walitarajia kumwona akitembea juu ya mchanga. Mwaka 1987 mtafiti Hans Fricke alizama kwa nyambizi ndogo huko Komoro akampiga picha. Hakutembea. Alielea na mkondo, pezi la mbele kushoto likienda sambamba na la nyuma kulia, na mara nyingine akajisimamisha kichwa chini, mkia juu. Zana zile hazikungoja kupanda nchi kavu. Zina kazi yake ya leo, ya kuishi kwenye kiza na baridi bila kupoteza nguvu.

Uvivu huo ndio unaonitia wasiwasi, maana hata kuzaa kwake ni kwa polepole. Yai lake ni kubwa kama chungwa, nalo huanguliwa tumboni mwa mama. Utafiti wa magamba uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba huishi karibu miaka 100, jike huanza kuzaa akiwa amepita miaka 50, na mimba huchukua takriban miaka 5.

Hapo ndipo jarife, wavu wa kunasia papa, linapoingia. Papa walipopungua karibu na pwani, nyavu zilishushwa kwenye kina kirefu zaidi, na silikanti wakaanza kunaswa kwa wingi huko Tanga. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa mwaka 2009. Lakini mvuvi hamtafuti samaki huyu: nyama yake ina mafuta mengi, haina soko. Anamfuata papa. Kwa hiyo swali la kuulizana na wavuvi ni kina cha kushushia jarife, na atakula nini yule tutakayemwomba asilishushe.