Jiwe la Mbinguni Lenye Jina la Mtunzi wa Nyimbo

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza habari za jiwe moja lililo mbali sana, na jinsi lilivyopata jina.

Dunia yetu hulizunguka jua. Sayari nyingine, kama Mirihi na Mshtarii, hulizunguka pia. Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii yako mawe mengi sana, makubwa kwa madogo, nayo hulizunguka jua vile vile. Mawe hayo huitwa sayari ndogo.

Jiwe letu la leo ni moja katika hayo. Upana wake ni kadiri ya kilomita 3 na nusu, yaani mwendo wa miguu wa karibu saa nzima. Hata hivyo, kwa kuwa liko mbali mno, haliwezi kuonwa kwa macho matupu. Lilionekana mwaka 1991 kwa darubini ya huko La Silla, nchini Chile, na aliyeligundua ni Mbelgiji, Henri Debehogne.

Je, mtu hulijuaje jiwe katikati ya nyota elfu? Fikirini mteremko wa mbali. Asubuhi huwezi kujua kipi ni jiwe na kipi ni ng'ombe. Tazama tena baada ya saa moja: kilichohama ndicho ng'ombe. Mtaalamu wa nyota hufanya hivyo hivyo. Hupiga picha ya anga, kisha hupiga nyingine. Nyota zimekaa mahali pake. Nukta iliyohama ndiyo sayari ndogo. Naye huandika: siku gani, saa ngapi, mahali gani. Asipoandika, jiwe hupotea tena. Njia yake ikijulikana sawasawa, hupewa nambari. Jiwe hili lilipewa nambari 17473.

Jina lilikuja baadaye. Mwaka ule ule wa 1991, mwezi wa Novemba, alifariki huko London mwimbaji na mtunzi wa nyimbo aliyejulikana ulimwenguni kote. Alizaliwa Unguja, katika Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, na wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara. Mwaka 1964 jamaa yake walihamia Uingereza. Huko akajiita Freddie Mercury, akawa mwimbaji wa kikundi cha Queen. Mercury ndilo jina ambalo Waingereza huiita sayari ya Utaridi.

Mwezi wa Septemba 2016, ambao angalitimiza miaka 70, ilitangazwa kwamba jiwe nambari 17473 limepewa jina lake. Aliyetangaza ni Brian May, mpiga gita wa kikundi hicho, ambaye pia ni mtaalamu wa elimu ya nyota. Basi jiwe lilingoja jina miaka 25, wala halikupotea, kwa sababu lilikuwa limeandikwa.

Sasa turudi nyumbani. Nyimbo ngapi za litungu twaziimba harusini, na hatumjui aliyezitunga? Mtunzi hufa, wimbo hubaki, jina hupotea. Zamani mlikuwa na sababu: hamkujua kuandika. Leo mnajua.

Hii ndiyo kazi yenu. Kabla ya somo lijalo, nenda kwa mzee apigaye litungu. Mwamkie kwa heshima, umwulize: wimbo huu aliutunga nani, na wa kijiji gani? Andika jina lake daftarini, uandike na tarehe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Sayari ndogo hutambulikanaje kati ya nyota?
2. Kwa nini jiwe hili halikupotea kwa miaka 25?
3. Ni jina la nani utakaloandika wewe?

Kwaherini, ndugu wanafunzi.